Kwa Nini Kalume Alinaswa na Tevin Akaacha

Kila siku ya soko Zipporah alitoka Magarini na gunia la mihogo, akaenda kuuza Malindi. Mihogo yake haikukaa, maana ilikuwa mitamu na haina nyuzi. Lakini Zipporah hakurudi nyumbani upesi. Alizunguka nyuma ya soko, akitazama nyuso za vijana waliolala juu ya maboksi. Alikuwa akimtafuta Kalume, mwanawe wa kwanza.

Kalume alikuwa kijana wa kazi. Alibeba chumvi Marereni pamoja na baba yake, Garama. Jioni alirudi akiimba, midomo imekauka kwa chumvi, akauliza kama kuna mchunga. Aliipenda sana mboga ile chungu. Tangu aondoke, Zipporah hakuweza kuichuma.

Ilianza hivi. Siku moja Kalume na rafiki yake Tevin walipewa unga, ile dawa ya kulevya iitwayo heroini. Tevin alionja mara chache, akaacha. Kalume akashindwa kuacha. Aliuza redio ya nyumbani, kisha akauza mbuzi wa dada yake, Charity. Ndipo Garama akamfukuza.

"Usimtaje tena humu ndani," alimwambia mkewe.

Zipporah hakumtaja. Lakini usiku mbwa wakibweka, aliamka akasimama mlangoni akatazama njia.

Jirani yao aliitwa Idah. Alikuwa muuguzi Malindi, katika kliniki ya kutibu watu walionaswa na unga. Jioni moja alipita kuwasalimu. Zipporah alikuwa uani, akimenya mihogo. Garama alikuwa akinoa panga.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alisema Zipporah. Kisha akanong'ona, "Huko kliniki, hujaona kijana mrefu, ana kovu kidevuni?"

"Mama, siri ya mgonjwa siitoi, hata kwa mzazi wake," alijibu Idah. "Lakini ukimpata mwanao, mlete. Ule ni ugonjwa, na una matibabu."

Garama aliacha kunoa. "Ugonjwa gani? Tevin alionja unga uleule, siku ileile. Mbona yeye hakuugua? Kalume ni mkaidi. Alitudharau, basi."

Idah akaketi. "Baba, wataalamu nao walijiuliza swali hilo. Wakatumia panya wadogo, wa koo mbalimbali. Ndani ya vizimba vyao waliweka kitu cha kubonyeza. Panya akikibonyeza, anapata dawa kidogo ya kulevya. Dawa ni ileile kwa wote. Panya wengine walibonyeza kidogo, wakaenda zao. Wengine hawakubanduka pale."

"Kwa nini?"

"Sababu moja ni urithi. Kila kiumbe hupokea vinasaba kwa baba na mama. Vinasaba ni kama maagizo madogo ndani ya mwili. Ndivyo vinavyofanya mtoto awe mrefu au mfupi. Vipo vingi ambavyo kwa pamoja huufanya mwili mmoja unaswe upesi kuliko mwingine. Panya hajui kumdharau baba yake. Lakini ananaswa."

Garama aliliweka panga chini. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa chini.

"Kwa hiyo ni damu yangu. Ndugu yangu Nyale aliuawa na pombe. Watu walisema ni laana ya ukoo wetu."

"Si laana, baba. Na vinasaba si hukumu. Asiyeonja hanaswi, hata awe wa ukoo gani. Tena hakuna kipimo cha kumwambia mtu kwamba wewe utanaswa, yule hatanaswa. Ndiyo maana ni salama kutoonja kabisa."

"Na aliyekwisha kunaswa?" aliuliza Zipporah.

"Panya waliowekwa peke yao kwenye vizimba vitupu walibonyeza zaidi. Waliokaa na wenzao, wakawa na mahali pa kucheza, wengi wao walipunguza. Na mtu si panya, mama. Mtu anaweza kuomba msaada."

Peke yao. Zipporah aliyawaza yale maboksi nyuma ya soko, machozi yakamlengalenga. Garama aliinuka, akaenda kusimama zizini kwa mbuzi. Aliporudi alimwambia mkewe, "Kesho nitakwenda nawe kumtafuta."

Asubuhi Garama alikwenda kwanza kwa Tevin, kijana ambaye hakuwa amemsalimu tangu mambo yalipoharibika.

"Najua anapolala," Tevin alisema, akiangalia chini. "Niliogopa kuwaambia."

Aliwapeleka Garama na mkewe kwenye nyumba mbovu isiyo na paa, nje kidogo ya mji wa Malindi. Kalume alikuwa amejikunja ukutani, anatetemeka. Alikuwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Alipomwona baba yake alijikinga uso kwa mkono.

Garama alichuchumaa. "Sikuja kukupiga. Nilidhani hutupendi."

"Hata mimi nilidhani hivyo, baba," Kalume alisema. "Kila nilipouza kitu chenu, nililia. Kisha nikauza kingine."

Zipporah alimshika kichwa, akakiweka kifuani pake. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

Siku hiyo hiyo walimfikisha kliniki. Alipewa methadoni, dawa ya kunywa ambayo hutuliza arosto. Ilimbidi ainywe kila siku mbele ya muuguzi, kwa hiyo alikaa kwa shangazi yake mjini. Mara moja alirudia unga. Zamani Garama angesema amekwisha. Safari hii alikwenda kumchukua, wakarudi pamoja kliniki.

Nyumbani, Garama alimweka Charity chini akamweleza habari za Nyale na za kaka yake, bila kuficha. "Wenzako wakikwambia kuonja mara moja si kitu," alimwambia, "wewe hujui mwili wako utajibu nini."

Sasa Kalume anafanya kazi kwa fundi wa baiskeli. Jumapili, akishakunywa dawa yake, huja Magarini kula na wazazi wake. Jua likianza kushuka huaga, na Zipporah humsindikiza hadi barabarani. Moyo bado unamuuma kumwona akienda.

"Utakuja lini tena?" humuuliza, ingawa anajua.

"Jumapili, mama."

Zipporah hugeuka akarudi nyumbani, na usiku hulala, hata mbwa wakibweka.