Mtandao Ukirudi Tu

Sanduku lilikuwa wazi kitandani, nguo zimekunjwa vizuri, lakini mfuko wa pasipoti ulikuwa mtupu.

"Nasafiri Ijumaa," alisema mlalamikaji, muuguzi mstaafu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo mwezi wa tatu. "Miaka sita sijamwona mwanangu, afande. Ndiye huyo mmoja tu niliye naye."

Inspekta alikagua chumba. Nondo za dirisha zilikuwa imara, kitasa hakikuguswa. Konstebo wa alama za vidole, aliyeitwa Poda kituoni kwa jinsi alivyorudi kila siku na suruali nyeupe, alipaka unga wake hadi kwenye miguu ya kitanda. Akapata vidole vya watu wawili tu, mama na mumewe. Saa ya dhahabu ilikuwa palepale juu ya meza. Mwizi gani huyo wa kuacha dhahabu?

Mume, fundi wa simu mstaafu, alisema alikuwa bustanini tangu asubuhi. Alijifuta mikono ambayo haikuwa na tope.

Mama alisema pasipoti aliikosa saa nne. Kisha, kwa fahari, akamwonyesha Inspekta barua pepe ya mwanawe aliyekuwa akifanya kazi machimboni, nchi ya mbali. Humwandikia kila Jumapili, maana simu huko hushika kwa nadra, na barua ya leo ilikuwa ya kumpa pole kwa kupotelewa na pasipoti. Asihangaike, labda mwakani.

Inspekta alitazama muda. Barua iliingia saa tatu na dakika ishirini.

"Mama, amejuaje kabla yako?"

Mama alisema alidhani mumewe ndiye aliyempa mtoto habari. Na saa, labda ni mtandao umeikosea, maana wao una vituko. "Tangu nitoke hospitali, kila Jumapili unakatika. Ukirudi tu, barua yake inaingia. Utadhani ni yeye anayeurudisha."

Inspekta aliomba ruhusa ya kuchukua nakala za barua zote za tangu hapo. Zilikuwa thelathini na moja, za tangu mwezi wa tatu, na kila moja ilitoka kwenye anwani yake ya IP, ile namba inayotambulisha mtandao barua ilikotumwa, hakuna mbili zilizofanana.

Jumatatu asubuhi alizipeleka kwenye kampuni ya mtandao ya hapo mjini, ambayo anwani hizo zote zilikuwa zake. Karani alizilinganisha na kumbukumbu zake, miwani ikimteleza puani.

"Huyu anazima ruta, kifaa cha mtandao cha nyumbani, anasubiri, anawasha. Ikiwaka inapewa anwani mpya," alisema. "Wengi hudhani hapo wamejificha. Wanasahau kwamba sisi tunaoitoa tunaandika tumempa nani, na saa ngapi."

"Na hizi mlimpa nani?"

Karani aligeuza kioo cha kompyuta. Anwani thelathini na moja, nyumba moja. Inspekta aliijua nyumba hiyo. Siku zote hufurahi kesi inapoanza kufunguka, lakini leo alikunja karatasi zake, akatoka bila kuaga.

Alimkuta mzee bustanini.

"Mzee, ruta unaizima ya nini kila Jumapili?"

Mzee aliendelea kulima.

"Mwanao yuko wapi?"

Mzee aliweka jembe chini taratibu. "Niliogopa mtu asije akamwonyesha mama yake kwamba barua zote zinatoka mahali pamoja."

"Alifariki lini?"

"Mwezi wa tatu. Machimbo yaliporomoka. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Mama yake yuko ndani, kifua kimepasuliwa. Daktari akasema asipewe habari ya kumshtua. Nikajiambia nitamwambia akipata nguvu. Alipofumbua macho tu akaniuliza, mtoto ameandika? Nikasema ameandika. Basi ikabidi niandike."

"Na pasipoti?"

"Angefika kule akapokewa na nani? Jana nilimsikia akipekua sanduku, nikadhani ameshaona haipo. Nikaharakisha kumwandikia."

Pasipoti ilikuwa kwenye mfuko wa vifaa vyake vya kazi, ndani ya bahasha moja na hati ya kifo.

"Utamwambia mwenyewe," alisema Inspekta.

"Nisaidie, afande."

"Nitakaa karibu. Zaidi ya hapo siwezi."

Mzee alimwambia mkewe yote sebuleni, hadi habari ya ruta, ameushika mkono wake. Mama hakupiga kelele. Aliisoma hati mpaka chini, akairudia.

"Ile barua aliyosema ananiota nimevaa gauni la kazini?"

"Niliandika mimi. Lakini ndoto ilikuwa yake. Aliniambia kwenye simu, kabla."

Mama alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayepokea kitu kidogo alichobakishiwa. Akamwomba Inspekta aifunge kesi. Inspekta akaandika kwamba pasipoti imepatikana ndani ya nyumba, na mlalamikaji hana dai.

Alipoinua macho, mama alikuwa amesimama mbele ya ruta. Alichomoa waya. Taa zikazimika. Alisubiri, kiganja juu ya kovu la kifuani, kisha akauchomeka tena. Taa zikarudi moja moja, mpaka ya mwisho.

Mzee alianza kulia bila kujificha. Mama alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akangoja kama alivyongoja barua kila Jumapili.

Inspekta alivua kofia, akangoja nao.