Mwanaume wa Kulaza Nyasi

Jua lilikuwa limeshazama upande wa Ziwa Nyasa pale Salvatory alipokumbuka kamba yake. Aliisahau juu shambani.

"Baba Beata, si uifuate kesho?" Gertrude, mkewe, alimuuliza bila kuinua macho kwenye ungo wa maharage.

"Kesho vibarua wanafika alfajiri. Wakikosa kamba watanichimbia matuta yaliyopinda kama miguu yangu."

Gertrude hakucheka. Siku hizi alikuwa hacheki.

Basi akapanda mlima peke yake. Salvatory huyu alishafika Tunduru, Dar, hata Lilongwe, na kote alirudi na mizaha mingi kuliko mizigo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza pale Maguu kufukia ngolo, yale mashimo ya kulimia ya mababu. Kazi ya ngolo inajulikana: mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba juu ya mteremko, wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia kwa udongo. Yale mashimo hunywa maji ya mvua, mlima ukatulia. Ila ni kazi ya wiki tatu.

"Jamani, babu zetu hawakuwa na saa," Salvatory aliwaambia watu mkutanoni. "Sisi tunazo!"

Wakacheka. Akaenda kufukia ngolo za nusu ya chini ya shamba, akavuta kamba toka juu kuteremka, akapiga matuta marefu yaliyonyooka. Siku nne, kwisha. Magunia yakaongezeka. Nyumba ikapata bati, na pikipiki ikaegeshwa mlangoni.

Mvua za mwaka jana zikateremka na matuta yale kama zilizochongewa njia. Mlima ukakatika. Ukaifunika nyumba ya Mama Mektilda, mjane aliyeishi chini ya shamba, shoga wa marehemu mama yake Salvatory. Alikuwa ndani.

Msibani Salvatory alisema, "Mvua ni ya Mungu." Halafu, kwa kuwa watu walikuwa wanamtazama, naye hajui kutazamwa bila kuchekesha, akaongeza: "Mama Mektilda alilalamika miaka yote kwamba shamba lake ni dogo. Sasa mlima umemfuata mwenyewe nyumbani."

Watu walicheka huku wakilia. Hakuna aliyeuliza kitu. Na sasa, kesho alfajiri, ilikuwa zamu ya nusu ya juu.

Kamba aliikuta. Alikuwa anaizungushia mkononi aliposikia...

Kwa.

Kwa.

Kwa.

Majembe. Mengi, yakianguka kwa pamoja. Sauti ilitoka chini, pale mlima ulipokatika. Ikaja na harufu... udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

Akateremka. Wanawake walikuwa wameinama safu nzima, khanga zimewaganda kwa tope.

"Hodi, akina mama! Leo mnanichimbia bure?"

Majembe hayakusimama.

"Tunasubiri mwanaume wa kulaza nyasi," mmoja alisema bila kugeuka.

"Mimi kazi hiyo nilishastaafu."

Hakuna aliyecheka.

"Nyasi zenyewe... ziko wapi?" alinong'ona.

"Unazo mkononi."

Akatazama. Kamba ilikuwa imelainika. Ilikuwa nyeupe.

Nywele.

Nyeupe, ndefu, zimesokotwa na tope. Akataka kuzitupa. Vidole vikagoma kufunguka. Akainama, akazilaza mstari mmoja, kisha wa pili, kisha mraba, na kila alipolaza, majembe yalifukia. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akageuka.

"Shi... shikamoo, Mama Mektilda."

Hakuitikia. Mdomo wake ulijaa udongo, lakini sauti ilitoka.

"Salva. Wenzangu hawa hawakufika msibani. Hebu wasimulie ule mzaha wako."

"Mama... nisamehe."

"Si huo."

Akafungua kinywa. Akausema wote, neno kwa neno, na kila neno lilitoka na mchanga.

Wakacheka.

Walicheka muda mrefu sana.

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Ungo wa maharage ulikuwa mlangoni, Gertrude hayupo. Alirudi baadaye, akanawa miguu.

"Nilikuwa kwa jirani," alisema.

Asubuhi Salvatory aliona jembe la mkewe limeegemea ukuta. Lilikuwa na tope bichi. Na Gertrude alipompa chai, viganja vyake vilikuwa na malengelenge. Moyo ukamtulia kidogo. Kumbe ni wanawake wa kijiji, alijiambia. Wamenikomoa. Giza nalo limenichezea.

Vibarua walikuwa wamesimama chini ya mlima wakishangaa. Pale ulipokatika palikuwa na ngolo, safi, safu kwa safu.

"Mzee, kumbe umerudi kwenye ngolo!" alisema Elias, msimamizi wao. "Hii ndiyo akili. Umewaza mwenyewe?"

Devotha, binti wa Mama Mektilda, naye alikuwepo. Alikuwa anamtazama. Wote walikuwa wanamtazama.

"Ndiyo," Salvatory alisema. "Wazo langu."

Wakampigia makofi. Devotha akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, kaka. Mama angefurahi."

Akameza mate. Yalikuwa na mchanga.

Jioni alikaa mlangoni. Gertrude alikuwa mbele yake, anapepeta maharage kwa viganja vyake vya malengelenge. Majirani wote walikuwa majikoni mwao. Moshi wao ulionekana, sauti zao zilisikika.

Juu mlimani...

Kwa.

Ungo ukasimama.

Kwa.

"Gertrude," alinong'ona. "Jana... mlikuwa wangapi?"

"Nilienda peke yangu. Nilisikia majembe, nikachukua langu." Akainua macho, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nilikuwa mwisho wa safu. Nilisikia kila ulichosema."

Kwa.

Salvatory akainuka, akachomoa panga la kufyekea.

"Ukimaliza kulaza nyasi," mkewe alisema, "pita kwa Devotha ukamwambie kilichomuua mama yake."

Akavuka uzio.

"Na usimchekeshe."