Chiriku na Kuku wa Vizimbani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alivaa viatu vya mpira vya mama yake, vilivyompwaya, akaingia bandani kukusanya mayai. Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika. Alikuwa msemaji mno, na hilo la Chiriku lilimganda tangu darasa la kwanza. Hata bandani hakufunga mdomo. Aliwasalimu kuku, akawasimulia ndoto zake, akawaonya wasimdonoe.

Banda lilikuwa refu, la mabati. Ndani yake vizimba vya waya vilipangwa kimoja juu ya kingine, na kuku walibanana humo bawa kwa bawa, vichwa nje, wakila. Mama alikuwa amelijenga kwa jasho lake baada ya kufiwa na mumewe. Nusu ya mtaa ilikula mayai yake.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu wa sayansi aliwapa wanafunzi kazi ya kuwauliza watu maoni yao juu ya wanyama. Chiriku alipangwa na rafiki yake aliyeitwa Kamusi kwa kupenda maneno magumu. Swali lao lilihusu uwindaji na ufugaji wa kuku vizimbani.

"Tutafanya utafiti wa kina," Kamusi alisema kwa madaha.

"Tutauliza watu maswali," Chiriku akamjibu. "Twende."

Walianzia kwa fundi cherehani, jirani yao.

"Shikamoo, mama. Unawaonaje watu wanaowinda wanyama porini?"

"Marahaba, wanangu. Hao hawana utu!" Fundi alisimamisha cherehani. "Swala wa watu anajilia majani yake, wewe unakwenda kumtoa roho! Amekukosea nini?"

"Na kuku wanaokaa vizimbani maisha yao yote?"

"Kuku?" Fundi alicheka hadi pini zikamdondoka mdomoni. "Kuku ni kuku, mwanangu. Wapi na wapi!"

Mtaani kote majibu yalikuwa hayo hayo. Muuza matunda aliwalaani wawindaji, kisha akasema hajawahi kujiuliza mayai yanatoka wapi. Mwenye duka alisema mnyama wa porini ana haki ya kuishi, lakini kuku amezaliwa ili aliwe. Kinyozi mzee peke yake, aliyewahi kuwinda ujanani, ndiye aliyejibu tofauti.

"Mimi sijitetei," alisema, huku akipangusa mashine yake ya kunyolea. "Nimeua, na kuua si jambo la kujisifia. Lakini swala wangu alikimbia anakotaka mpaka siku niliyompata. Kuku wa kizimbani amewahi kukimbia lini? Waulizeni hao wanaonisema."

Kesho yake Chiriku aliingia bandani kama kawaida. Kuku mmoja alijaribu kunyoosha bawa. Likagonga waya, akalirudisha. Akajaribu tena, likagonga tena. Chiriku alikuwa ameingia humo tangu utotoni, lakini hakuwahi kuliona jambo hilo. Asubuhi ile hakumsimulia kuku yeyote hadithi.

Aliporudi kutoka shuleni alimkuta mama akichanganya chakula cha kuku.

"Mama, naomba nikuulize na wewe swali letu."

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha uso ukambadilika. "Kuku hao ndio wanaokuvalisha sare. Aliyeniuzia vizimba aliniambia huo ndio ufugaji wa kisasa. Hebu nenda kaoge."

Chiriku alikwenda, lakini alipogeuka alimwona mama amesimama na koleo mkononi, akitazama mlango wa banda.

Siku ya wazazi, Kamusi alimvuta pembeni. "Tuache habari za kuku. Tuseme za uwindaji tu, watu watupigie makofi, yaishe."

"Na majibu ya watu tuliowauliza?"

"Nani atajua?"

"Mimi na wewe tutajua."

Kamusi aliguna, akamfuata ndani.

Ukumbi ulijaa. Chiriku alisimama mbele akaeleza yote: jinsi watu walivyowachukia wawindaji, na jinsi walivyocheka alipowauliza kuhusu kuku. Minong'ono ikaanza. Mzazi mmoja aliyekaa nyuma akapaza sauti, "Mtoto, usitusingizie! Nani hapa mtaani anawafungia kuku hivyo?"

Mama alikuwa amekaa safu ya pili, ameinamisha kichwa. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ni sisi," alisema. "Kuku wa nyumbani kwetu wanaishi hivyo. Mama yangu hajaiba wala hajadhulumu mtu, ameinua familia peke yake, nami najivunia kuwa mwanawe. Lakini mayai hayo tunayala sote. Kama ni kosa, si la mama peke yake."

Kisha mama akainuka taratibu, akaiweka sawa kanga yake begani.

"Huyo ni mwanangu," alisema, "na alichosema ni kweli. Anayetaka kuona, aje kesho. Mlango utakuwa wazi."

Walikuja wengi. Fundi cherehani alitembea kutoka mwanzo wa banda hadi mwisho. Alipotoka alisema tu, "Nimekula mayai haya miaka yote, na sijawahi kuvuka lango lako."

Baada ya hapo mama aliamua kuviondoa vizimba, akaanza na nusu ya banda. Aling'oa vizimba, akamwaga maranda ya mbao sakafuni, akawaachia kuku. Lakini kuku hawakukimbia. Walijikunyata kwenye kona wakiogopa sakafu, kwa kuwa hawakuwahi kupiga hatua. Walipozoea, walitaga ovyo kila mahali, mayai yakakanyagwa. Chiriku aliamka mapema kuliko zamani, akapiga magoti kutafuta mayai kwenye maranda, na mara nyingi alifika shuleni ana manyoya nyweleni.

"Labda yule aliyeniuzia vizimba alijua alichokisema," mama alinung'unika siku moja, ndoo ya mayai yaliyovunjika mkononi.

"Tumwite afisa mifugo kwanza, mama. Tukishindwa, tushindwe tumeuliza."

Afisa mifugo alikuja, akacheka kidogo. "Kuku anataka faragha anapotaga. Mwekeeni masanduku yenye giza, na vijiti vya kulalia." Fundi cherehani aliposikia, alishona mapazia madogo ya masanduku kwa vitambaa vilivyobaki, ya maua na ya mistari. Kuku wakaingia nyuma ya mapazia yale kama mabibi harusi, na mayai yaliyovunjika yakapungua wiki hadi wiki. Yaliyopatikana hayakufikia wingi wa zamani, na bei ikapanda kidogo. Baadhi ya wateja waliondoka. Wengi walibaki, na wengine wapya wakaja kwa sababu walikuwa wameona kwa macho yao. Kabla mwaka haujaisha, kizimba cha mwisho kilitolewa nje.

Mwalimu wa sayansi aliwaleta wanafunzi kutazama. Kuku walikuwa wakijigaragaza kwenye vumbi, mabawa yametanuka, macho wameyafumba kwa raha.

"Mama," Kamusi aliuliza, safari hii kwa maneno mepesi, "siku ile ukumbini, Chiriku aliposema ni ninyi, hukuona aibu?"

"Niliona," mama alijibu. "Kumhurumia swala wa mbali hakumgharimu mtu kitu, wanangu, na kumlaani mwindaji ni rahisi, maana si sisi. Kazi ngumu ni kusema ukweli juu ya nyumba yako mwenyewe, kisha ukunje mikono ya nguo uirekebishe. Mwanangu aliyafanya yote mawili." Akamshika Chiriku bega, akamsogeza mbele ya wenzake wamwone vizuri. "Aibu ilikaa kwangu kwa muda wa kupiga chafya. Fahari ndiyo iliyobaki, na sidhani kama itaniondoka."

Chiriku alicheka, akaingia bandani kuwasimulia kuku.