Kaburi la Truphena

Wasusi walikuwa watatu, lakini Caren alihisi mikono ya watu wanne kichwani.

Aliyewahi kusukwa Kenyatta Market jijini Nairobi anaijua hesabu hiyo. Ukishakaa kwenye kiti wanakuvamia kama siafu, huyu anakuvuta kushoto, yule kulia, mwingine anakuinamisha shingo, na wote wanapiga soga juu ya kichwa chako kana kwamba ni meza. Caren alikuwa mteja wa siku nyingi. Ngina, mwenye saluni, alikuwa kushoto akitafuna chingamu. Wenzake wawili walikuwa kulia na mbele. Kisogoni hapakuwa na mtu, na ni huko kisogoni alikokuwa anasukwa taratibu, kwa vidole baridi, bila kuumizwa hata kidogo.

Hakuuliza. Mwenye furaha haulizi mengi, na siku hiyo Caren alikuwa na furaha yake. Aliegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya nywele, akaingia laivu.

"Sasa familia! Mko poa? Si nilisema niko na news? Basi shikeni viti. Nimepata role. Sio hizi za YouTube, sio za kulipwa na chapati mbili. Ni series ya TV, tunaanza kushoot Monday, hapo Muthangari. Na mimi ndio lead, aki! Miaka kumi, watu wangu. Kumi!"

Sauti yake ilikatika kidogo, akacheka ili asilie. Miaka kumi ni mingi. Alikuwa ameigiza yaya, mhudumu wa baa, jirani anayepita nyuma na ndoo, na maiti mara tatu. Maiti wa tatu ndiye aliyempa jina. Katika filamu ya mwongozaji Jamleck, iliyopigwa kwa kamera moja na taa ya kuazima, alikuwa Truphena, mke aliyelishwa sumu, akazikwa, kisha akarudi kubisha mlangoni kwa mumewe. Watu waliipenda hadi Jamleck mwenyewe akashangaa. Tangu hapo hata mama mboga wa Mountain View, mtaa alikoishi Caren, alimwita Truphena. Naye aliitika, kwa sababu mtu aliyekaa miaka kumi bila kutambuliwa huitika jina lolote.

Komenti zilikuwa zinateremka mbio. Hongera Truphena. Truphena wetu, usitusahau. Caren alizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine, hadi akafika kwenye moja iliyosema, "Huyo dada wa nyuma anasuka vizuri, number yake ni gani?"

Ngina aliacha kutafuna. "Dada gani wa nyuma?"

Komenti nyingine ikashuka: "Mwenye gauni nyeupe."

Waligeuka wote. Nyuma ya kiti kulikuwa na ukuta na kalenda ya mwaka uliopita. Caren aliizima simu bila kuaga, na hapo ndipo aliposikia harufu ya udongo mbichi uliochimbwa asubuhi ya mvua, na vanishi ya mbao mpya.

"Caren," Ngina alisema polepole, "hii nyuma nani amesuka?"

"Si ni nyinyi?"

"Sisi hatujafika nyuma."

Ngina alipapasa kisogo chake, kisha akamwonyesha vidole. Vilikuwa na udongo mwekundu. Kisogo kizima kilikuwa kimesukwa mistari myembamba inayoelekea juu, mtindo wa zamani unaoitwa twende kilioni. Caren aliutambua. Ndivyo alivyokuwa amesukwa siku ile alipolala ndani ya jeneza la filamu.

Ngina aliwatazama wenzake, akainama karibu na sikio lake. "Niambie ukweli, my dear. Ile kaburi mlichimba kwa movie, mliifukia na nini?"

Caren hakujua. Alikuwa ametoka kwenye jeneza, akapanguswa vumbi, akaenda zake nyumbani.

Alipompigia Jamleck, huyo bwana alicheka. "Kufukia? Na part two tutashootia wapi? Niliweka mabati juu. Kaburi safi kama hiyo, nani atachimba mara mbili?"

Kwa hiyo kaburi lilikuwa wazi. Kwa miezi mitatu shimo la futi sita lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba za kupanga za Mzee Kibe, huko huko Mountain View, na msalaba umesimama kichwani umeandikwa Truphena. Mzee Kibe alikuwa amewakubalia wachimbe kwa sharti moja tu, kwamba wakimaliza wazike mgomba badala ya mtu, walifukie siku hiyo hiyo. Sharti hilo si la ajabu. Katika nyumba nyingi za Kenya ya kati na ya magharibi watu wanalijua tangu utotoni, hata wale wanaoenda kanisani kila Jumapili. Kaburi likishachimbwa limeshamwita mtu. Huwezi kuliambia samahani, tumeahirisha.

Jamleck pia alilijua. Lakini ubahili ni ugonjwa, na kwa waongozaji wa filamu za bei rahisi hauna dawa.

Jumamosi mchana Caren alijifungia chumbani kwake kukariri. Katika series mpya mhusika wake aliitwa Anita, binti anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi, na maneno yake ya kwanza yalikuwa mawili tu. Mama yake anaita jina, naye anajibu, "Nimerudi, mama." Jua lilikuwa linawaka, watoto walikuwa wanapiga kelele uani, na jirani alikuwa amefungulia redio.

"Nimerudi, mama," alisema Caren mbele ya kioo, akatabasamu midomo imefumbwa kuziba pengo lake la meno.

"Nimerudi, mama," ilisema sauti kutoka bafuni.

Alidhani ni mwangwi. Alijaribu tena, na sauti ikajaribu tena, ila safari hii ilikuwa imekazia neno la pili, ikalitamka vizuri kuliko yeye. Alisimama pale na karatasi mkononi, anautazama mlango wa bafu ambao alikuwa na hakika ameufunga na sasa ulikuwa wazi kiasi cha vidole viwili, na kutoka kwenye ule mwanya harufu ya udongo ilitambaa sakafuni hadi miguuni mwake, na ile sauti, yake kabisa, pamoja na kile kikohozi chake cha kusafisha koo, ikaendelea peke yake na ukurasa wa pili, kisha wa tatu, kisha kurasa ambazo yeye mwenyewe alikuwa hajazifikia, inasoma bila kukosea kama mtu aliyelala na skripti miezi mitatu bila kazi nyingine.

Caren aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Alikimbia bila viatu hadi kwa Mzee Kibe.

Mzee Kibe hakuwa mganga, na ungemwita hivyo angekufukuza na mbwa. Alikuwa mzee wa kanisa na mwenye nyumba mkali, wa kuhesabu taa zilizoachwa zikiwaka. Alimsikiliza Caren akiwa mlangoni, mikono nyuma.

"Mabati ni yangu," alisema kwanza. Kisha uso wake ukabadilika. "Miezi tatu? Ngai! Huyo kijana wa kamera ana akili kweli? Kesho, nikitoka church, mkuje wote wawili. Na wewe ulale kwa watu. Usilale peke yako."

Jumapili alasiri walikutana nyuma ya nyumba. Mzee Kibe alikuwa bado na suti na tai, ameikunja suruali juu ya magumbuti. Alikuwa amekata mgomba, akauvika shuka jeupe. Jamleck alifika na simu mkononi, anajifanya hana wasiwasi.

Walipoyaondoa mabati, Jamleck aliacha kujifanya. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini sakafu ya kaburi ilikuwa kavu, na katikati yake kulikuwa na alama ya mtu aliyelala chali, mabega, kiuno, visigino, imebonyea kama godoro la mgonjwa wa siku nyingi. Mahali pa kichwa kulikuwa na nyuzi za nywele zilizosukwa.

"Hakuna mtu ako ndani," alinong'ona Jamleck.

"Ndio maana tuko na shida," Mzee Kibe alimjibu. "Afadhali ingekuwa ndani. Sasa mnisikize. Mimi nitaita hilo jina mara tatu. Hakuna mtu kuitika. Mgomba ndio itaitika, kwa kunyamaza. Halafu wewe, msichana, kutoka leo ukiitwa hiyo jina, usiitike. Hata kwa mchezo. Hata ukiitwa na mtoto. Umenipata?"

"Nimekupata, mzee."

"Ukiitika, utakuwa umeiambia hiyo kaburi kwamba Truphena ni wewe. Na mahali pa Truphena ni hapa."

Aliita mara ya kwanza, na upepo ukatulia. Aliita mara ya pili, na kuku wa jirani wakanyamaza. Kabla ya mara ya tatu Jamleck, ambaye kwenye seti hakuwahi kumwita Caren kwa jina lake, aliinua simu apige picha, akafungua mdomo. "Tru—" Mzee Kibe alimziba kwa kiganja chenye matope hadi meno yakagongana. Caren alikuwa tayari amevuta pumzi ya kuitika. Aliimeza.

Jina liliitwa mara ya tatu. Mgomba ukateremshwa kwa kamba, wakafukia, msalaba ukang'olewa na kuvunjwa. Harufu iliisha. Caren aliposhika kisogo, mistari yote ilikuwa imefumuka yenyewe, na alilia kwa faraja bila kumwonea mtu haya. Jamleck naye alilia kidogo, ingawa baadaye alisema ni matope.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Caren aliingia laivu tena. "Familia, Truphena tumemzika. Tafadhali, msiniite hivyo tena. Mimi ni Caren. Sawa?"

Walicheka. "Sawa Truphena," waliandika. Maelfu. Alizima simu, hakujibu hata moja.

Jumatatu alifika Muthangari saa moja asubuhi. Ilikuwa nyumba kubwa yenye bustani, nyaya zimetandazwa kila mahali, chai kwenye jagi kubwa, na mtu maalumu wa kukushikia mwavuli. Alipewa chumba chenye kikaratasi cha jina lake mlangoni. Alisimama akakigusa kile kikaratasi. Kisha akakisoma. Kilisema Truphena.

Mwongozaji, mwanamke mpole aitwaye Wahu, alikuja akitabasamu. "Umeona surprise? Wakubwa waliona laivu zako na komenti za watu. Anita ametoka. Character yako sasa anaitwa Truphena. Hiyo ndio jina watu wako wanataka."

"Madam, tafadhali," Caren alisema. "Jina lolote. Niiteni hata Ndoo. Lakini sio hiyo."

"Kwa nini?"

Angesema nini? Kwamba kuna mgomba umevaa shuka huko Mountain View? Wahu alimshika bega. "Caren, nilipigana ili uwe lead. Walitaka mtu mwingine, na walikubali tu juu ya hiyo jina. Ukikataa leo, siwezi kukusaidia. Ni jina tu, mamaa. Ni kuigiza."

Ni kuigiza. Caren aliyarudia maneno hayo alipokuwa anapakwa poda. Alifikiria yaya, na baa, na ndoo. Alimfikiria mama yake, aliyeambia kanisa zima kwamba binti yake sasa ataonekana kwenye TV. Alimfikiria Mzee Kibe na magumbuti yake, na kwenye vioo na taa zile mzee alionekana mbali, wa kuchekesha kidogo. Anayeitika si mimi, alijiambia. Ni mhusika.

Alisimama mlangoni mwa sebule ya seti. Kijana wa sauti, Zadock, alimsogezea maikrofoni ndefu juu ya kichwa, akavaa vipokea sauti masikioni. Kimya kikawekwa. Wahu akasema, "Action."

Mama wa kuigiza aliinua uso kutoka kwenye sufuria. "Truphena?"

Caren alijua kwamba bado ana nafasi ya kunyamaza. Aliijua nafasi hiyo yote, urefu na upana wake. Akafungua mdomo.

"Nimerudi, mama."

Aliyasema vizuri. Lakini sauti ilitoka nyuma yake, na neno la pili lilikuwa limekaziwa.

"Cut!" Wahu alipiga makofi, macho yamemlowa. "Aki umeniua! Take moja! Mmeona hiyo kitu?"

Wote walikuwa wanapiga makofi, na wote walikuwa wanatazama nyuma yake. Caren aligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye gauni la Caren, uso wake, na lile tabasamu lake la kuziba pengo la meno, nywele zimesukwa upya mistari myembamba kuelekea juu. Mwanamke huyo alisafisha koo kwa kikohozi kidogo, akampita Caren bila kumgusa, akachukua simu ya Caren mezani, akaiinua mbele ya uso.

"Sasa familia! Mko poa? Truphena wenu niko na news!"

Caren alipiga kelele. Alimshika Wahu mkono, na mkono haukushikika. Alikimbia hadi kwa Zadock, akaweka mdomo kwenye maikrofoni yenyewe, akalia jina lake, Caren, mara tatu, kwa nguvu zote za miaka kumi.

Zadock aliondoa vipokea sauti sikio moja. Alikunja pua, akatazama viatu vyake, kisha viatu vya wenzake.

"Nani amekanyaga matope?" aliuliza. "Hapa kuna harufu ya udongo."

Mtu akaenda kufungua dirisha.