Mng'ao wa Teksi ya Baba

Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, fundi alifungua chumba chake cha kazi akakuta rangi ya kigari imekunjamana kama utando wa maziwa. Kilikuwa mfano wa teksi ya marehemu baba yake, urefu wa kiganja, kazi ya miezi minne. Saa sita mama yake alikuwa anahamia kwa mdogo wake, mji wa mbali, na kigari kilikuwa cha kwenda naye.

Dada yake fundi, sajenti mstaafu wa polisi, aliitwa kutoka jikoni. Fundi alikwisha kumhukumu mtu: jirani Brashi, mshindani wake wa vigari, aliyekuwa chumbani humo jana hadi saa kumi na moja jioni. Brashi alikuja na kandambili zake, akakitazama, akasikitika kwa dhati.

"Rangi ya mafuta haijamaliza wiki, ukiipulizia rangi iliyochanganywa na thina lazima ikunjamane," alisema. "Kila mtu wa kazi hii anajua. Ningetaka kukukomoa ningekikanyaga."

Sajenti aliona ana hoja. Kopo lililotumika, la rangi ya thina ya kupuliza ili kuua mng'ao, lilikuwa limerudishwa rafuni na kufunikwa vizuri. Rangi ilipulizwa nyembamba, pande zote sawa. Aliyefanya hivi alikipenda kigari, ila ufundi hakuwa nao. Tena kwenye gazeti lililotandikwa mezani, katikati ya vitone vya rangi, palibaki mstatili safi, ukubwa wa picha ya albamu. Mtu aliiweka picha pale aitazame akipuliza.

Picha ya teksi ya ukubwa huo ilikuwa moja tu nyumbani; Sajenti aliijua ni ya nani, akatamani asijue.

Mama alikuwa sebuleni, amekalia sanduku lake. Picha ilitoka mkobani mwake na vitone vya rangi ukingoni: baba ameegemea teksi iliyopauka.

"Mama, ni wewe?" Sajenti aliuliza, fundi akiwa nyuma yake.

"Ni mimi. Nilimwambia ndugu yako mara tatu gari la baba yenu halikung'aa hivyo, jua lilishalibabua. Akasema ndiyo rangi ya kiwandani." Akamgeukia fundi. "Nilitaka niondoke na lile lake, mwanangu. Nimekuharibia."

Fundi alizikumbuka mara zote tatu, na kwamba hakuinua kichwa hata mara moja. Majuto ni mjukuu. Hasira ilimtoka, aibu ikakaa mahali pake. Akavuta kigoda, akaishika ile picha.

"Niambie, Mama. Ilikuwaje hasa?"

Mama akaanzia kwenye boneti, taratibu. Saa sita kasoro dakika tano gari la kumchukua likapiga honi, naye katika kusimulia hajafika hata kwenye milango ya teksi.