Kochi la Kijani Lenye Karatasi ya Bei

"Mama, hilo kochi alilokalia mwanao mbona lina karatasi ya bei?"

Aliyeuliza ni jirani yangu, msusi. Kibanda chake kimepakana na changu. Alikuwa amenyoosha shingo juu ya bega langu, kitana mkononi, tunaangalia video ya sikukuu aliyotuma binti yangu kutoka ughaibuni.

Nikacheka. "Karatasi gani? Wewe na macho yako!"

"Rudisha nyuma. Hapo! Simamisha. Inaning'inia kwenye mkono wa kochi."

Ndugu zangu wa humu, niliiona!

Mimi ni mjane. Nafuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya mkono, shule niliishia darasa la saba. Jicho langu limezoea kukamata uzi mmoja ulioruka katika mistari mia. Lakini kwa mwanangu mwenyewe nilikuwa naangalia tabasamu tu.

Ni wa pekee. Huu ni mwaka wake wa kwanza huko kwenye baridi. Chuo chao, zikifika sikukuu za majira ya baridi, mabweni yanafungwa wiki tatu, kila mtu anarudi kwao. Asiye na pa kwenda hujaza fomu mapema, anatafutiwa chumba kwenye bweni moja linaloachwa wazi.

Yeye hakujaza. Ajaze ya nini? Baba yake mdogo yuko mji uleule!

Huyo ni mdogo wa marehemu mume wangu, yuko huko mwaka wa kumi na mbili. Ukoo mzima tunamwita Bosi. Alinipigia mwenyewe.

"Shemeji, fomu za nini? Mtoto ana nyumba! Sikukuu atakula kwangu mpaka mashavu yajae."

Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu.

Siku tano kabla ya sikukuu, Bosi akatua nyumbani kumsalimia mama yake. Nikamuuliza, na mtoto je?

"Nimemwachia nyumba nzima, shemeji. Anatawala kama malkia!"

Na kweli, video zikawa zinaingia kila siku. Kochi la kijani. Taa yenye vichwa vitatu. Mti uliopambwa. "Sikukuu njema, mama!" Mimi nami nikawa nawaonyesha wateja, kifua mbele.

Sasa karatasi ya bei...

"Mama," msusi akanong'ona, "hapo umepigwa changa la macho."

Nikampigia binti yangu palepale.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Kwa baba mdogo, mama."

"Mungu anakusikia. Uko wapi?"

Nikasikia anavuta kamasi.

"Dukani, mama... Duka la fanicha. Wamepanga vyumba vya maonyesho. Kuna joto. Ukikaa bila kuharibu kitu hawakufukuzi."

"Na kulala?"

"Chumba cha kufulia nguo, chini ya majengo ya watu. Mashine zinatoa joto. Ila jana msimamizi amenikuta... Amesema nisirudi tena."

Siku nne tangu Bosi atue nyumbani, ndugu zangu! Mwanangu, niliyemfumia masweta matatu asiguswe na baridi, analala juu ya saruji!

"Mama, duka linafungwa jioni hii. Kesho na keshokutwa ni sikukuu, kila mahali kufuli. Na theluji imeanza kuanguka."

"Ufunguo wa baba yako mdogo uko wapi?"

"Usimuulize, mama. Nakuomba... Niliapa."

Akakata!

Nikaomba kwa ufupi: Mungu wangu, nipe ulimi usioropoka na miguu isiyochelewa. Nikajifunga kanga, huyoo, kwa mama mkwe.

Sebule ilikuwa imejaa shangazi na wajomba. Bosi katikati, amevaa koti lake zito la huko, jasho linamtiririka na kulivua hataki. Anasimulia, watu wanacheka.

Na juu ya kichwa chake, ukutani, ile picha.

Picha ya Bosi kwenye sebule yake ya ughaibuni. Ina miaka sita pale. Mama mkwe huifuta vumbi kila asubuhi, hakuna mgeni anayetoka bila kuonyeshwa. Nimeiona mara elfu.

Nikainua macho.

Kochi la kijani... Taa yenye vichwa vitatu...

Jamani! Nilikuja kudai ufunguo, kumbe hata mlango haupo!

Nikapiga simu ya video, nikamkabidhi mama mkwe.

"Mama, msalimie mjukuu wako."

Binti akapokea. Alipomwona bibi yake akavaa tabasamu haraka, kama mtu anayevaa nguo mlango ukigongwa.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mke mwenzangu! Hee! Njooni muone! Si sebule ya mwanangu hii? Kochi ni lilelile!"

Vigelegele! Bosi akajipangusa paji la uso.

Mara mama mmoja mwenye makoti mawili akaketi kando ya binti yangu. Akaruka-ruka mara mbili kwenye kochi, akageuza karatasi ya bei, akatikisa kichwa, akaondoka zake.

"Huyo mgeni mbona hasalimii?" mama mkwe akauliza.

Kule kipaza sauti kikatangaza jambo. Taa zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine. Mtu wa sare akatokea nyuma, anaonyesha mlango kwa kidole.

"Mke mwenzangu, nani anazima taa nyumbani kwa mwanangu?"

Binti yangu akaliona koti la Bosi nyuma ya bibi yake. Midomo ikamcheza.

"Baba mdogo... nisaidie!"

Bosi akaruka kutoka kitini. "Mtandao mbovu huo! Kata simu!" Akanyoosha mkono aichukue.

Nikamwahi. Nikaibana kifuani.

"Shemeji, sema mwenyewe. Mtoto anatolewa nje."

Akatazama watu wote. Akatazama picha. Sauti ikamtoka ndogo, kama si yake.

"Nyumba sina. Nina kitanda. Cha juu. Chumba kimoja tuko wanaume wanane... Picha nilipigia hapo dukani. Kila nikipiga simu mlikuwa mnauliza, umefika wapi, umefika wapi."

"Na fomu je? Ulimkatazia nini mtoto asijaze?"

"Angejaza... mngeuliza mbona hakai kwangu. Siku mabweni yanafungwa ndipo nikamwambia ukweli, nikamwapisha asiseme."

Mmesikia? Mtoto wa kaka yake alale kwenye saruji ili picha ibaki ukutani!

Lakini ugomvi ungengoja. Nikageukia simu.

"Mwanangu, nenda chuoni. Gonga kwa mlinzi wa bweni. Mwambie kila kitu."

"Naona aibu, mama. Siku ya fomu imepita."

"Aibu haigandishi mtu. Baridi inagandisha. Nenda!"

Simu ikakatika.

Saa nzima hakuna aliyegusa chakula. Mama mkwe alikuwa anauliza kila dakika, "Bado?" Nami midomo yangu haikuacha kuomba.

Ting!

Ikaingia picha. Kochi hakuna. Ni jiko la bweni, viti havifanani, vijana sita wamezunguka sufuria moja kubwa. Mlinzi wa sare ameshika upawa. Na mwanangu, pua nyekundu, ndani ya sweta langu la bluu.

Chini ameandika: "Mama, hawa wote hawana kwao hapa, na nusu yao hawakujaza fomu. Waligonga tu. Mlinzi ameniuliza siku zote nilikuwa wapi, vitanda vinne viko vitupu."

Vitanda vinne! Siku zote hizo vilikuwa vinamngoja... Nililia, ndugu zangu.

Mtanilaumu nikisema hivi, ila Bosi hakuijenga ile sebule peke yake. Tuliijenga wote. Kila aliyemuuliza mtu wa mbali "umefika wapi" badala ya "umelala wapi" ameweka tofali lake. Na mimi niliyetamba na video, langu liko pale chini kabisa, la msingi. Leo usiulize mwanao anasherehekeaje. Muulize usiku atajifunika nini.

Mama mkwe akainuka taratibu. Akaitungua picha ukutani, akaifuta kwa pindo la kanga kama afanyavyo kila asubuhi, akamwekea mwanawe mapajani.

"Chukua, mwanangu. Ukirudi huko, kipige picha hicho kitanda cha juu. Hicho ndicho nitakitundika."

Bosi akatazama ule mraba mweupe uliobaki ukutani. Akalivua lile koti, akalilaza kitini, akaibana picha yake kwapani, akatoka.