Nani Aliondoa Gogo la Mama Pazia?

"Mamaaa! Pikipiki yangu!"

Nilipiga kelele hadi madirisha ya ghorofa zote mbili yakafunguka.

Pikipiki yangu, niliyoiosha jana yake kwa mikono yangu na kuiegesha vizuri pembeni ya ukuta wa chini, ilikuwa imebanwa kati ya ukuta na gari!

Taa imesagika. Tangi limebonyea kama kopo lililokanyagwa. Rimu ya mbele imepinda ikawa kama namba nane. Mafuta yanachuruzika sakafuni...

Nikakimbilia mlango wa dereva nimtoe mtu nje kwa shati lake.

Ndani ya gari hakukuwa na mtu.

Gari lilikuwa la Mama Pazia, jirani yetu wa chini, fundi wa kushona mapazia. Na yeye alikuwa anatoka ndani kwake ndio kwanza, futi ya kupimia shingoni, sindano mdomoni.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Unaniuliza mimi? Angalia gari lako lilivyofanya!"

Akatazama. Sindano ikamdondoka.

"Lakini... mimi niliweka gogo."

Jamani, ngoja niwaeleze ua wetu ulivyo, maana bila hivyo hamtanielewa.

Ua ni mwembamba na una mteremko. Magari yanapangwa moja nyuma ya jingine. Kwa hiyo tuna utaratibu wetu: ukiegesha, unaacha gia huru na hendibreki unaishusha, kisha unaweka gogo chini ya tairi. Asubuhi, jirani uliyemzibia anaondoa gogo, anasukuma gari lako pembeni, anatoa lake, halafu analirudisha lako na kuweka gogo pale pale. Hakuna kuamshana, hakuna kugongeana milango.

Utaratibu huo aliuleta kaka yangu. Yeye ndiye mwenyekiti wa wapangaji.

Na gogo la Mama Pazia kila mtu alilijua. Alikuwa amelivalisha kitambaa cha pazia, kijani chenye maua ya njano, ili lisimchubue mtu mikono. Baba Mapacha wa ghorofani alikuwa akimtania, "Mama, gogo lako linapendeza kuliko mke wangu!"

Sasa asubuhi ile gogo halikuwepo. Tulitafuta chini ya magari, kwenye mtaro, hadi kwenye pipa la taka. Hakuna.

"Hukuweka!" nikamwambia.

"Niliweka, mwanangu. Haki ya Mungu niliweka."

"Basi limeota miguu!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nalia kwa hasira.

Mnajua kwa nini?

Ile pikipiki ilikuwa ya mama yangu. Mama ni mkunga mstaafu. Ameipanda miaka na miaka, kwenye matope na vumbi, kuwafuata wanawake wenye uchungu. Siku niliyovaa joho la kuhitimu alinikabidhi ufunguo, akaniambia, "Mimi imenitosha. Sasa ikufikishe wewe."

Na baada ya kuzungusha bahasha ofisi hadi ofisi, hatimaye nilikuwa nimepata kazi. Kazi ya kuzungukia zahanati, kufuatilia chanjo za watoto. Kazi niliyoiota tangu nikiwa darasani! Sharti lao moja: uje na usafiri wako mwenyewe, mzima, watauangalia siku ya kuripoti.

Siku ya kuripoti ilikuwa Jumatatu.

Pikipiki ilivunjwa Jumatano.

Nikampigia kaka kazini. Alikuwa ameondoka alfajiri kama kawaida yake.

"Kaka, wameniua! Gari la Mama Pazia limeteremka, limeiponda pikipiki ya mama!"

Nikasikia hatua zake zikienda haraka...

"Kaka? Unanisikia?"

"Nakusikia, mdogo wangu. Usiguse kitu. Jioni naitisha kikao."

Nikajisikia nafuu. Huyo ndiye kaka yangu! Ndiye aliyenilipia ada baba alipofariki. Ndiye niliyekuwa naishi kwake. Kila kwenye shida, kaka yupo.

Jioni tukakaa uani, wapangaji wote, viti vya plastiki kwenye duara. Kaka katikati, na tai yake shingoni. Hakuwa mtu wa kuvua tai hadi aingie kitandani.

"Swali la kwanza," akasema. "Nani alisukuma gari la Mama Pazia asubuhi?"

Baba Mapacha: "Mimi gari liko gereji tangu wiki iliyopita."

Mwingine: "Mimi naegesha juu, hanizibii."

"Na mimi," kaka akasema, "gari langu lililala nje ya geti. Kwa hiyo hakuna aliyesukuma. Mama Pazia, gogo liko wapi?"

Mama Pazia alikuwa amekaa mwisho kabisa. Yeye ni mpangaji mgeni kuliko wote. Akanyanyua uso, akamtazama kaka, akamtazama sana...

"Mwenyekiti, mimi naomba kitu kimoja tu. Nitafutieni gogo langu."

"Mama, gogo halipo kwa sababu hukuliweka!"

"Nitafutieni gogo langu."

"Mama Pazia bwana," Baba Mapacha akadakia, "watu wanadai pikipiki, wewe unadai kuni!"

Kicheko ua mzima.

Mimi nikasimama. Nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka leo nahisi uso unawaka. Nikamwambia ni mzembe. Nikamwambia ana roho ngumu. Nikamwambia nikikosa kazi, chakula changu atakileta yeye!

Alikuwa anakunjakunja ile futi yake kidoleni.

Kaka akatoa hukumu: Mama Pazia alipe matengenezo yote kabla ya Jumatatu. Akikataa, mwenye nyumba ataarifiwa, na chumba chake kina watu wanaokisubiri.

"Nimekubali," Mama Pazia akasema taratibu. "Huyu binti asikose kazi."

Kaka akanishika bega. "Umeona? Nikiwepo mimi, hakuna wa kukuonea."

Nikamkumbatia. Mbele za watu, nikamkumbatia!

Wapenzi wasomaji, kumbukeni hilo kumbatio.

Jumamosi asubuhi fundi wa pikipiki akapiga simu. "Dada, njoo uchukue chombo chako. Kimekuwa kama kilivyotoka dukani."

Kaka akasema atanipeleka kwa gari lake. Njia nzima anapiga mluzi.

Tukafika gereji. Pikipiki ilikuwa inang'aa! Taa mpya, rimu mpya, tangi limenyooshwa na kupakwa rangi. Nikapiga stata mara moja tu, ikaitika. Nikacheka mwenyewe kama mwehu.

Kisha nikaona kitu.

Kwenye kona, kati ya matairi chakavu na madumu ya oili, kulikuwa na cherehani. Cherehani ya umeme, imefunikwa kitambaa cha kijani chenye maua ya njano. Uzi bado uko kwenye sindano.

"Fundi... hii ni ya nani?"

"Ya yule mama aliyekulipia. Hakuwa na hela taslimu, akaiweka rehani. Mwisho wa mwezi asipoikomboa, naiuza."

Furaha yote ikaniishia mwilini.

Cherehani ndiyo mikono ya yule mama. Bila hiyo atashona na nini apate hela ya kuikomboa?

"Kaka, hii si sawa."

"Hukumu ni hukumu, mdogo wangu. Angekuwa makini yasingemkuta." Akatazama saa. "Chukua hivyo vyuma chakavu, weka kwenye buti tuondoke. Ngoja, nitaweka mw..."

Alichelewa kumaliza. Nilishafungua buti.

Kulikuwa na begi la kompyuta. Mwavuli. Viatu vya mvua.

Na chini ya viatu, gogo. Kijani. Maua ya njano.

Nilisimama pale na rimu mbovu mkononi.

"Kaka. Hili ni nini?"

"Shusha sauti."

"Sijapandisha. HILI NI NINI?"

Mafundi wote wakaacha spana.

Kaka akalegeza tai. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilegeza tai mbele za watu.

"Nilikuwa nawahi. Nilishalisukuma, nilisharudisha, gogo liko mkononi, bosi akapiga simu. Nikafungua buti kuweka begi, nikatupia kila kitu humo... Gari lilikuwa limetulia! Nilijua limesimama."

"Kwa hiyo gari lako halikulala nje."

Akageuza uso.

"Na nilipokupigia simu ulikuwa umeshajua."

"Nilijua uliponipigia. Nikafungua buti, nikaliona, nikalificha chini ya viatu hadi nipate pa kulitupa."

"Halafu ukaja kukaa katikati ya kikao! Ukauliza nani alisukuma!"

"Ungetaka niseme nini? Mimi ndiye mwenyekiti. Utaratibu wa magogo ni wangu. Wangenicheka hadi kesho."

"Kwa hiyo achekwe nani, Mama Pazia? Mimi nimemtukana yule mama, kaka! Nimemtukana kwa ajili yako!"

Hapo akanikazia macho, akalitoa lile neno nililokuwa naliogopa.

"Nani alikulipia ada?"

Jamani...

"Jibu. Nani alikulipia ada? Unakula kwa nani? Pikipiki umepata, Jumatatu una kazi. Hilo gogo likichomwa moto jioni hii, nani atakufa?"

Nawaambia ukweli, hapo alinishika pabaya. Kwa sababu ada kweli alilipa. Alivaa soli zilizotoboka ili mimi nisome. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje?

Nikaitazama cherehani. Nikautazama ule uzi kwenye sindano.

"Kaka, ulinisomesha ili niwe mtu wa kunyamaza?"

"Usinifanyie hotuba."

"Sikufanyii hotuba. Toa ufunguo wa gari."

"Nini?"

"Ufunguo! Fundi, wewe unataka rehani, si ndiyo? Ukipewa gari, cherehani unaiachia?"

Fundi akajifuta mikono kwa tambara, akalizunguka lile gari, akalipiga teke tairi kidogo.

"Mimi, dada, hata sasa hivi."

"Umechanganyikiwa!" kaka akafoka. "Nitarudije nyumbani?"

"Pikipiki ina siti mbili."

"Sitoi!"

"Basi nampigia mama. Sasa hivi, na spika naweka, mafundi wote wasikie. Umweleze mwenyewe nani aliponda pikipiki yake na nani anailipa."

Nikatoa simu. Nikatafuta jina. Ikaanza kuita...

"Kata! Kata hiyo simu!"

Ufunguo ukatua kwenye kiganja cha fundi.

Natamani mngekuwepo kuona tulivyoingia getini!

Mimi mbele nimeshika usukani. Nyuma yangu Mwenyekiti, tai inapepea, amekumbatia cherehani ya Mama Pazia mapajani kama mtoto mchanga. Na gogo la maua ya njano nimelining'iniza kwenye usukani, watu wote walione.

Baba Mapacha alikuwa anafua. Akabaki na povu mikononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na utani.

Nikazima pikipiki mlangoni kwa Mama Pazia.

"Sema," nikamwambia kaka.

Alihangaika. Akakohoa. Lakini akasema, yote, mbele ya ua mzima, cherehani ikiwa bado mikononi.

Mimi nikapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilikutukana bila kukusikiliza. Gogo lako hili hapa, lilikuwa kwenye buti ya kaka."

Mama Pazia akalipokea gogo, akalipangusa vumbi.

"Najua, mwanangu."

"Unajua?"

"Nilimwona. Asubuhi ile nilikuwa dirishani natunga uzi. Nilimwona akisukuma, nikamwona akiondoka. Sikujua tu gogo amelipeleka wapi."

Kaka alitazama chini.

"Sasa mbona hukusema?" nikalia. "Mbona ulikubali kulipa?"

"Nilisema. Nilisema nitafutieni gogo langu. Nilikuwa namwambia yeye, namfungulia mlango aingie mwenyewe. Hakuingia. Sasa mimi mgeni, ningesimama niseme Mwenyekiti ni mwongo, nani kati yenu angeniamini? Wewe, mwanangu, ungeniamini?"

Mnalijua jibu.

"Nikaona, haya. Kuna binti hapa anahitaji chombo kabla ya Jumatatu. Ya gogo yatajulikana, lakini kazi ya mtoto wa watu haitasubiri."

Yaani yule niliyemtukana ndiye aliyekuwa upande wangu. Na yule niliyemkumbatia...

Jumatatu niliripoti. Waliikagua pikipiki, wakaipitisha, na nipo kazini hadi leo.

Kaka amelikomboa gari lake kwa mshahara wake mwenyewe. Uenyekiti aliuachia jioni ile ile. Bado ni kaka yangu, na ada aliyonilipia sitaisahau hadi naingia kaburini. Lakini nimehamia chumba changu mwenyewe, na chai tunakunywa pamoja Jumapili tu, kwa maneno machache.

Mwenyekiti mpya tukamchagua Mama Pazia. Akatushonea magogo yote vitambaa, kila gari na rangi yake.

Wewe unayesoma hapa, chombo chako kikivunjwa, kasirika. Dai haki yako yote, usione haya. Ila usimpandishie sauti mnyonge kwa sababu tu ndiye aliyesimama karibu, na sauti yake ni ndogo. Msikilize hadi mwisho, hata kama anachokiomba ni kipande cha kuni tu.

Na anayepiga kelele nyingi zaidi upande wako... mwombe kwa upole akufungulie buti.